Tupeane uzoefu: neno "set" la Kiingereza na maana zake nyingi

Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu kuhusu neno la herufi tatu, "set", ambalo katika kazi yangu ya kufundisha Kiingereza sekondari nimeliona likiwasumbua wanafunzi kuliko maneno marefu yenye sura ya kutisha. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, lililotoka mwaka 1989 likiwa na majuzuu 20, kitenzi hiki kilipewa maana zipatazo 430, na hakuna kidahizo, yaani neno linaloelezwa katika kamusi, kilichokuwa na maelezo marefu kukizidi. Baadaye wahariri walipoandika upya kitenzi "run" walikihesabia maana 645.

Mwanafunzi aliyesoma msingi kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza akiijua seti ya vikombe au ya sufuria, kisha kwenye hisabati hukutana na seti za namba, kwenye jiografia akasoma kuwa jua "sets" magharibi, na kwenye kemia akaambiwa aandae vifaa vya jaribio kwa neno hilohilo. Kinachowasaidia wanafunzi wangu ni asili yake. Kiingereza cha kale kilikuwa na "sittan", yaani kuketi, na kutoka hapo kikapata "settan", ambayo ni kauli ya kusababisha, sawasawa na sisi tunavyopata ketisha kutoka keti. Mtoto anayejua mnyambuliko huo huona mara moja kinachounganisha kupanga bei, kutega mtego na kuandaa meza, kwa sababu kote huko kuna kitu kinachowekwa mahali pake kikatulia. Seti ya vikombe ina ukoo mwingine: imepitia Kifaransa cha kale kutoka neno la Kilatini "secta", lenye maana ya kundi la wafuasi, na ingawa maneno haya mawili yamefanana sura hadi kuchanganyika, naona ni vyema kuyafundisha kwa siku tofauti.

Ninyi mmekutana nalo wapi katika kazi zenu?

Mchangiaji wa kwanza (msimamizi wa ujenzi):
Mwalimu, kwetu neno hili lina uzito wa fedha na usalama. Maelezo ya kitaalamu ya saruji hutenganisha "set" na "harden", na anayeyasoma yote mawili kama "kukauka" hupotosha kazi, kwa sababu zege halipati nguvu kwa kukauka bali kwa saruji kuungana na maji. Hali ya "set" mafundi wetu huiita kushika, na hilo huchukua saa chache tu. Kukomaa, yaani "harden", ni jambo jingine, ndiyo maana nguvu ya zege hupimwa kwa kawaida baada ya siku 28 na ndiyo maana tunalimwagilia maji siku nyingi hata baada ya kushika. Vijana wanaoanza kazi mimi huwaeleza tofauti hii kwanza, kabla hawajagusa koleo.

Mchangiaji wa pili (muuguzi):
Wodini, mfupa uliovunjika ukiwa "set", maana yake umerudishwa katika mkao wake ili uunge, wala si kwamba umeshaunga. Ndugu wa mgonjwa wanaojua Kiingereza kidogo hudhani tiba imekwisha na huomba bandeji gumu litolewe mapema, kwa hiyo mimi huwaambia kwa Kiswahili kamili: mfupa umepangwa, sasa unasubiriwa uunge.

Mchangiaji wa tatu (mfasiri, Mombasa):
Mimi huangalia kwanza neno linaloandamana nalo. Likiwa mtihani naandika kutunga, likiwa kitabu cha fasihi cha shule naandika kitabu teule, na likiwa saa ya kuamsha naandika kutega, kwani tunasema "nimetega saa" na msomaji hahitaji maelezo zaidi. Siku hizi wengi huandika kuseti simu na kuseti saa. Sikatai matumizi hayo katika maelekezo ya vifaa, ila pale ambapo kutega lipo na linaeleweka, nalipendelea.