Mjadala: Watoto wa Moshi waende Dar kutazama majengo ya Mjerumani?

Mleta mada, Moshi
Wakuu, naleta mada maana kikao chetu cha wazazi kimevunjika bila jibu. Darasa la sita wanasafiri kwenda Dar, na ratiba imejaa majengo ya Mjerumani: kanisa la Azania Front, la Mtakatifu Yosefu, hospitali ya Ocean Road. Baadhi ya wazazi wanasema huko ni kumsafishia mkoloni jina. Watoto wapandishwe SGR, wavuke daraja la Kigamboni, waone nchi yao ya leo. Mimi nasema majengo wayaone, ila anayewatembeza abadili maneno.

Azania Front ni zuri, nani atabisha? Vigae vyekundu, na madirisha yamewekewa vijipaa vyake vya vigae. Lilikamilika 1902. Sasa mtoto wa Old Moshi akisimama pale aambiwe pia kwamba Machi 1900 chifu wao, Mangi Meli, alinyongwa kwao na Mjerumani, pamoja na viongozi wengine, wakiwemo wa Meru na Arusha. Kichwa chake kinaaminika kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta miaka mingi. Serikali iliyotenda hayo ilikuwa na makao yake Dar tangu 1891. Von Schele, aliyekuwa akiiongoza, alikuja mwenyewe na jeshi 1893 kumpiga Meli, kwa kuwa mwaka uliotangulia Meli aliwachapa Wajerumani wakakimbia. Bila hayo, tumempeleka mtoto kupiga picha tu.

Mchangiaji, Arusha
Mkuu, kwani lazima Dar? Nauli ya basi kwenda na kurudi unaijua. Boma la hapa Arusha lilijengwa kwa kazi ya kulazimishwa ya Waarusha na Wameru, na sasa ni makumbusho. Kodini Costa asubuhi, jioni watoto wako nyumbani.

Mleta mada
Boma waende, sipingi. Lakini halikuonyeshi jinsi mji mzima wa Dar ulivyokatwa: Mzungu ufukweni kwenye upepo, Mhindi katikati, Mwafrika Kariakoo, walikopiga kambi wapagazi wa jeshi la Mwingereza kwenye Vita ya Kwanza. Wapagazi wa vita ile walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi. Halafu tembea hadi sanamu ya Askari ya 1927, singe imeelekea bandarini. Na Boma la Kale la hapo Dar ni la enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, miaka ya 1860, kabla Mjerumani hajatia mguu. Watembezaji wengi hapo wanapita mbio, sijui kwa nini.

Mzazi mwingine, Moshi
Mimi bado napinga. Mtoto wa darasa la sita umpakie kunyongwa, njaa na vichwa kwa siku moja? Atakachokumbuka ni feri na chipsi mayai. Mwacheni afurahi, hayo atayakuta sekondari.

Mleta mada
Dada yangu, sekondari atayakuta kwenye notisi za kukariri. Feri ya Kigamboni haiko mbali na hapo, wapande, na chipsi wale. Nadai masaa mawili tu ya asubuhi kabla jua halijawachosha. Kikao kingine ni Jumamosi. Mwenye kumjua mtembezaji wa Dar anayeweza kueleza habari za Majid na za Meli kwa pumzi moja, anicheki kabla ya Ijumaa.