Pangeni Hitman zote kutoka kali hadi mbovu, kuna kesi nataka kumaliza

kibanda_ya_Umoja

Wadau mko aje. Niko na kesi na binamu yangu tangu Jumapili. Tulikuwa kwa shosho tukaanza kubishana Hitman gani (zile gemu za video za muuaji wa kukodiwa mwenye kipara anaitwa 47) ndio kali kushinda zote, mimi nikasema Blood Money ya 2006 bila hata kufikiria, jamaa akacheka mpaka chai ikamwagika kwa meza. Ati hizo ni gemu za wazee, ati kama sijamaliza zile tatu mpya sina haki ya kupanga chochote. Na ukweli hizo mpya nimecheza ya 2016 pekee, tena kwake, tena yeye ndio alikuwa ananyang'anya padi.

Mimi Hitman niliijulia kwa kibanda cha PS2, shilingi moja dakika moja. Kama umewahi kucheza gemu ya kunyemelea ukilipia dakika unajua hiyo shida. Wenzako wako kwa mpira wanapiga kelele, wewe umetoa mbao yako ya dakika ishirini umesimama nyuma ya mlango unangoja soja amalize kukojoa, na watoto wa foleni wanakuuliza "kwani imestaki?" Halafu Blood Money hata ukisevu katikati ya misheni, mashine ikizimwa hizo sevu zinaenda, kwa hivyo dakika zako zikiisha kesho unaanza mwanzo. Ile misheni ya opera nadhani nimeianza mara thelathini.

Mimi napanga hivi: Blood Money, halafu Silent Assassin ya 2002, halafu hii ya 2016, Contracts ya 2004 (nilicheza vipande vipande), Absolution ya 2012 mwisho kabisa. Codename 47 sijawahi kuiona kwa macho. Leteni zenu na sababu, si namba tu.

masoja_wamelala

Blood Money namba moja, mwambie binamu anunue soda.

Na umetaja opera, wacha niongee hapo kidogo. Unaingia jumba la Paris na suti yako kama mtu amekuja kuangalia tu. Kwa jukwaa wako mazoezini, kuna mahali muimbaji anapigwa risasi na mwenzake, na bastola ni ya maigizo haina kitu ndani. Chini kwa chumba cha makoti kuna bastola inafanana na hiyo kabisa, ila hii ni ya ukweli. Kazi yako ni kuzibadilisha tu. Mwigizaji anaingia, anafyatua vile amekuwa akifyatua asubuhi yote, muimbaji anaanguka, na huyo aliyefyatua ndio mtu wa mwisho kuelewa nini imetendeka. Balozi aliyekuwa amekaa huko juu anashuka mbio kuja jukwaani kumwona rafiki yake, na juu ya hapo mahali anasimama kuna ile taa kubwa ya kuning'inia, ambayo wewe ulishaitegea bomu. Wawili wameenda na hujagusa mtu, unatembea polepole kuelekea mlangoni ukipishana na masoja wakikimbilia ndani.

Alafu mwisho wa misheni unaletewa gazeti. Ukifanya safi, gazeti linasema ilikuwa ajali ama muuaji hajulikani. Ukifanya ujinga wanachora sura yako na wanaandika watu wangapi walikuona. Sisi tulikuwa tunarudia misheni ju ya gazeti, si ju ya pesa.

Yangu: Blood Money, 2016, Contracts, ile ya 2018, ile ya 2021, Silent Assassin, Absolution, Codename 47.

nguo_za_daktari

Naona hapa tunapanga utoto wa watu 😂

Blood Money niliirudia juzi juzi. Ni poa, sikatai, lakini misheni zake nusu ni ndogo sana, ukishajua njia unamaliza kabla ugali ishikane. Sasa chukua Sapienza, hiyo ya 2016. Ni mji mzima wa pwani Italia, kuna kanisa, kuna maduka, kuna nyumba kubwa ya tajiri na chini yake kwa pango kuna maabara wanatengeneza virusi. Mimi mara ya kwanza nilitumia saa nzima natembea tu nikisikiliza watu wakiongea, na kila maongezi ni njia ya kuua mtu. Yule tajiri mwenyewe, Caruso, anangoja daktari wake wa akili. Ukipata nguo za huyo daktari unapitishwa mpaka ndani, masoja wanawaacha wawili, jamaa analala kwa kochi anaanza kukueleza mambo ya mamake. Na unakaa hapo unamsikiliza!! Niliwahi mwacha amalize ndio nikafanya kazi, nilimwonea huruma.

Kisha Hokkaido, hospitali ya Japani kwa theluji, milango inafunguliwa na nguo umevaa, yaani nguo ndio funguo. Na Berlin ya 2021, klabu ya usiku, mawakala wanakutafuta na wewe unawatafuta, na hakuna sauti kwa sikio ya kukuambia nani ni nani. Hiyo Blood Money haina.

Hizo tatu mimi nahesabu kama moja, na hata wenyewe walioitengeneza, IO Interactive, walizikunja pamoja Januari 2023 wakaziita World of Assassination. Hiyo namba moja. Blood Money mbili. Contracts tatu. Zingine mpange vile mnataka.

Kasoro yake ni hii, na mnipige mawe nikidanganya: ni gemu ya mtu mmoja lakini inataka intaneti. Ukicheza bila intaneti hakuna alama, hakuna silaha mpya zinafunguka, ni kama umeenda kazini na hawakuandika jina lako. Mvua ikinyesha huku Githurai intaneti inapotea, basi ninakaa tu na kipara yangu Mumbai nikingoja.

mzee_wa_dos

kibanda, Silent Assassin namba mbili kweli? Umesahau Japani? Ile theluji, wale maninja wanakuona kutoka kaunti ingine, umevaa nguo zao kabisa lakini ukikimbia hatua mbili wanaanza kufyatua. Hiyo gemu ilikuwa inataka utembee kama umebeba mayai. Mwanzo wake tamu sana, lile shamba la kanisa Sicily alafu unatumwa Urusi, lakini katikati inaua roho.

Codename 47 nilicheza, 2000, kompyuta tu haikutoka kwa PS. Hakuna kusevu katikati ya misheni, hata mara moja. Ukikosea mwisho unaanza mwanzo. Niliwahi piga keyboard ngumi nikavunja spesi. Mwisho kwa orodha, lakini kwa heshima.

mvua_ya_Rotterdam

Mbona hakuna mtu anaongelea Contracts na mdomo mzima, kila mtu anaiweka tatu ama nne anapita.

Najua ile kesi yake, ati misheni nyingi ni za Codename 47 zilirudiwa, Hong Kong, Budapest, Rotterdam. Ni ukweli. Lakini cheki vile wameifunga: 47 amepigwa risasi, anavuja damu kwa chumba cha hoteli Paris, na karibu misheni zote ni vitu anakumbuka akiwa katikati ya kufa na kupona. Ndio maana kila mahali ni usiku, kila mahali kunanyesha. Na muziki wa Jesper Kyd hapo, si kama ule wa kwaya wa Silent Assassin, huu unadunda chini chini kama jenereta ya jirani. Ile pati ya kwa bucha Romania mimi nilikuwa nacheza mchana pekee, na mlango wazi.

Kwangu Contracts ya kwanza, hata kama niko peke yangu.

masoja_wamelala

@mvua uko peke yako 😂 lakini hiyo ya bucha nakubali, mimi nilikuwa nampea kakangu padi.

chips_mwitu_47

Wacha nitetee Absolution juu hakuna mwingine atafanya hivyo. Najua mambo ya nguo walikosea, ukivaa nguo za polisi kila polisi anakushuku hata kama ni mji ako na polisi mia. Na njia ni moja moja, unasukumwa kutoka mlango hadi mlango kama matatu ya stage. Lakini ile misheni ya mfalme wa Chinatown ni Hitman safi, soko limejaa watu, unaweza mwekea sumu kwa chakula. Na ile kitu ya mchezaji kutengenezea wenzake kandarasi ilianzia hapo, hizi mpya zimeirithi. Ya tano, si ya mwisho.

nguo_za_daktari

Soko moja haliokoi gemu nzima bro.

masoja_wamelala

Dada wa Sapienza mimi nakuheshimu, daktari wa akili ni tamu. Lakini niambie, hizo tatu mpya ziko na mwisho gani unaofikia Blood Money? Unaamka kwa jeneza katikati ya mazishi yako mwenyewe, bastola zako mbili umewekewa kifuani, unamaliza kanisa zima. Treni ya 2021? Ile ya kutembea mbele tu?

nguo_za_daktari

Hapo umenishika. Treni ilikuwa aibu.

kibanda_ya_Umoja

Ngojeni. Jeneza gani

masoja_wamelala

Mwisho wa gemu. Kwa kanisa.

kibanda_ya_Umoja

Si 47 anadungwa sindano anakufa, wanamweka kanisani, majina ya waliotengeneza gemu yanapita, imeisha?

mzee_wa_dos

Haki ya Mungu.

masoja_wamelala

Kibanda. Majina yakianza kupita unatikisa ile analogi ya kutembea. Unaanza kusikia moyo unapiga, damu inajaa pole pole, anaamka. Diana, yule humpa 47 kazi, alikuwa amempaka dawa kwa mdomo akimbusu. Usipotikisa ndio anachomwa kweli, unarudishwa kwa menyu. Na hiyo menyu yenyewe ni hilo kanisa, umekuwa ukiangalia hilo jeneza kila siku!!

kibanda_ya_Umoja

Sisi majina yakianza mwenye kibanda alikuwa anasema imeisha, toka, mwingine akae.

chips_mwitu_47

Kwa hivyo hiyo namba moja yako hujawahi kuimaliza 😭😭

nguo_za_daktari

Tafadhali tupeeni namba ya binamu.

mvua_ya_Rotterdam

Kama una simu ya nguvu kampuni ya Feral Interactive ilitoa Blood Money ya simu 2023, inaitwa Reprisal. Usiteseke.

kibanda_ya_Umoja

Hapana, hii nitaifanyia kwa PS2. Nilinunua moja kitambo Luthuli, iko kwa mathe chini ya kitanda. CD iko. Shida ni padi iko moja tu na analogi ya kushoto imelegea, mtu anajitembelea mwenyewe kama mlevi.

masoja_wamelala

Imelegea? Basi hutafanya kazi yoyote, hiyo itamwamsha yenyewe.