Yeremia 29 nzima: mstari wa 11 unakaaje na ile miaka sabini?

Msomaji_Tanga:
Wakuu habari za jioni, naombeni mnieleweshe. Mdogo wangu alipomaliza fomu foo nilimwandikia kwenye kadi Yeremia 29:11, ile "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi", na kusema kweli huo mstari umenibeba miaka mingi. Juzi nikasema ngoja nisome sura yote kuanzia juu, nikakwama. Kumbe ni barua, wanaoandikiwa ni mateka wako Babeli, na mstari wa 10 hapohapo juu yake unasema mpaka itimie miaka sabini ndo warudishwe. Sasa mtu aliyetekwa ana miaka thelathini si anafia hukohuko? Hayo mawazo ya amani yanamfikiaje? Halafu mbele kuna watu wawili wameokwa motoni na mfalme wa Babeli, sijaelewa wanahusikaje.

Mwalimu_wa_Jumapili:
Ndugu anza na sura ya 28, bila hiyo hii haieleweki. Mwaka 597 KK Nebukadreza mfalme wa Babeli alimchukua Yekonia mfalme wa Yuda, mama yake, wakuu, mafundi na wahunzi akawapeleka Babeli, ila Yerusalemu ikabaki imesimama, hekalu lipo, Sedekia kawekwa kwenye kiti, kwa hiyo watu wanaona hili jambo la kupita tu. Ndo nabii mmoja, Hanania, anasimama hekaluni mbele ya makuhani anasema miaka miwili tu, Yekonia na vyombo vyote vinarudi, na anaivunja ile nira aliyokuwa ameivaa Yeremia shingoni kama ishara kwamba watu watamtumikia mfalme wa Babeli. We fikiria umetekwa, mmoja anakwambia miwili, mwingine sabini, utamsikiliza nani?

Hao wawili wa motoni, Ahabu mwana wa Kolaya na Sedekia mwana wa Maaseya (sio yule mfalme), walikuwa wanatabiri kulekule Babeli, mstari wa 23 unawashtaki kwa uongo na kuzini na wake za jirani zao. Na Shemaya wa mwisho pale, naye mateka wa Babeli, anatuma barua Yerusalemu akitaka Yeremia afungwe kwa sababu kawaambia watu wajenge nyumba. Sura nzima ni ugomvi juu ya muda.

Mtoto_wa_Uvira:
Mi nimekulia kambini Kigoma, wazazi walitoka Kongo 1996. Mzee jirani yetu hakupanda hata mpapai, kila siku mwaka kesho tunarudi, mwaka kesho tunarudi, mpaka turubai likamchanikia kichwani. Mama yangu alipanda. Watoto wa yule mzee mapapai walikuja kula kwetu. Kwa hiyo "jengeni nyumba mkakae ndani yake, kapandeni bustani" mimi sikuhitaji kufafanuliwa. Kinachonitoa machozi hadi leo ni mstari wa 7, kuuombea mji wa huyohuyo aliyekuchomoa kwenu.

Fundi_Maneno:
Hapohapo kwenye mstari wa 7 ndo jibu la muuliza swali lilipo. Kwa Kiebrania neno shalom linarudi mara tatu kwenye mstari huo, na ndilo hilohilo lililopo mstari wa 11. Biblia yetu ya Union imelitunza, amani, amani, amani, halafu "mawazo ya amani". Yaani hiyo amani haikuahirishwa miaka sabini, ilianza kuwafikia wakiwa Babeli, kwenye mji wa adui, wakilima na kuozesha watoto. Kinachosubiri sabini ni kurudi. Na angalia "ninyi", ni watu wengi, jamii nzima, wajukuu wakiwemo. Wewe wa miaka thelathini umo, ila hauko peke yako.

Hiyo sabini nayo mstari wa 10 unasema ni "kwa Babeli", yaani muda wa ubabe wake. Toka mabaki ya Ashuru, dola iliyotawala kabla ya Babeli, yaliposhindwa Harani 609 KK mpaka Koreshi mfalme wa Uajemi alipoichukua Babeli 539 KK ni sabini. Wengine wanahesabu toka hekalu kuchomwa 586 mpaka kujengwa upya 516/515, inakaribia pia. Na kwamba walikaa kweli, vipo vibao vya udongo vya Babeli vya 592 KK vinavyoorodhesha mafuta ya Yekonia mfalme wa Yuda na wanawe watano, na vingine kuanzia 572 vya kijiji kilichoitwa mji wa Yuda, watu wanalima, wanakopeshana, wanalipa kodi.

Msomaji_Tanga:
Asanteni sana, kwa kweli nimetulia. Bado kimoja tu, mstari wa 17 tini mbovu zimetoka wapi ghafla?

Mwalimu_wa_Jumapili:
Sura ya 24, vikapu viwili mbele ya hekalu. Tini nzuri ni hao waliotekwa, mbovu ni waliobaki Yerusalemu wakijiona wamepona. Ila ujue mstari wa 16 hadi 20 haumo kwenye tafsiri ya kale ya Kigiriki, na ukiiruka, wa 15 unaungana na wa 21 vizuri kabisa, jaribu kusoma hivyo kwa sauti.