Mnemba, Fumba au Misali? Naenda na familia na marafiki

kibua_mkavu: Assalam alaikum wanajamvi. Mie na familia na rafiki zangu kutoka Dar tunataka siku moja ya kupanda tanga na kuzamia kwa miwani tuangalie matumbawe. Nina njia tatu za huku Zanzibar, kisiwa cha Mnemba kwa kuondokea Matemwe, Fumba mpaka fungu la mchanga la Kwale, au tuvuke kabisa Pemba twende kisiwa cha Misali. Ipi bora? Nataka kutoa arubuni wiki hii.

bimkubwa_ngambo: Waalaikum salaam. Sasa mwanangu, tukwambie nini? Mko wangapi, watoto wangapi, nani anajua kuogelea, mwezi gani? Umekuja dukani unataka kanzu na urefu wako husemi.

kibua_mkavu: Samahani Bi Mkubwa. Tuko 11, watoto wanne, mdogo ana miaka 5. Mwisho wa mwezi wa 12. Wanaojua kuogelea watano hivi. Na mama mkwe yumo.

chogo_wa_pwani: Mama mkwe ndo unamtaja mwisho 😂😂

mtu_wa_demani: Mwezi wa 12 upepo wa kaskazi ushaanza, na Mnemba iko upande wa mashariki, siku ikivuma utayumbishwa. Fumba iko kusini magharibi, umejikinga, watoto watacheza fungu zima. Ingekuwa mwezi wa 7 na kusi lake ningekwambia vingine. Na kabla hujauliza bei angalia mwezi. Mwezi mpevu au mwezi mchanga ni bamvua, maji yanajaa sana na yakitoka yanakwenda mbali.

ukuti_mkavu: Hapo kwenye bamvua sikiliza yaliyonikuta mie. Tulikwenda Mnemba tuko tisa, jamaa katwambia njooni saa 3 asubuhi, kumbe maji ndo yanatoka, boti iko huko mbali tunaifata kwa miguu juu ya mwani na mawe, haya tukafika. Kuzamia kwenyewe kuzuri siongopi, samaki wa manjano wanapita mbele ya miwani kama wanakukagua wewe. Balaa kurudi. Saa 6 mchana maji bado yako nje, nahodha anasema shukeni, na mama yangu ana magoti. Tukambeba kwenye kiti cha plastiki wanaume wawili, mmoja akakanyaga miiba ya baharini, kiti kikaenda upande, mama anasoma Ayatul Kursiy huku kakumbatia kikapu cha vitumbua hakiachii. Maboya ya watoto hayakuwepo, la mtu mzima wakamvisha mtoto wa miaka sita likampanda mpaka masikioni. Na kiingilio cha hifadhi tukadaiwa tena baharini, tulishaambiwa kimo ndani ya bei! Siku hizi nauliza maboya kwanza, nayaona kwa macho yangu, ndo nasalimiana.

bimkubwa_ngambo: Vitumbua vilipona?

ukuti_mkavu: Vilipona Bi Mkubwa, viatu vyangu ndo vilikwenda.

mchake_halisi: Nyote mnazunguka tu. Misali! Maji yake nanga unaiona ilivyolala chini, boti zimo chache, kasa wanataga hukohuko, na ng'ambo ya matumbawe mkondo wa Pemba unakwenda chini giza. Wazee wanasema Nabii Khidr aliomba msala wa kusalia akaambiwa hakuna, akasema kisiwa hiki ni misali ya msala. Unaondokea bandari ya Wesha, ukishafika Chake Chake.

mtu_wa_demani: Shekhe, atafika vipi Chake na watoto wanne na mama mkwe? Meli mpaka Mkoani, gari, kulala, kisha boti. Yeye kasema siku moja.

mchake_halisi: Pemba haijawahi kuwa ya siku moja, nyie wa Unguja ndo mna haraka.

chogo_wa_pwani: Tanga ndo nini lakini? Wengi wanauza safari ya jahazi, tanga limefungwa kwenye foromali, ule mti wake wa juu, asubuhi mpaka jioni, mashine inanguruma, moshi unakula mwenyewe.

mtu_wa_demani: Na wala si jahazi, hiyo mashua.

chogo_wa_pwani: Mashua, jahazi, mie abiria tu. Mwambie nahodha wakati wa kurudi tanga lipande na mashine izimwe, umwambie kabla hujalipa.

nazi_mbili: Watoto wavae fulana za mikono mirefu, mgongo ndo unaungua mtu kalala juu ya maji hajui. Na wasisimame juu ya matumbawe, yanakatika na nyie mnakatwa. Kizimkazi je, pomboo?

bimkubwa_ngambo: Siendi tena huko. Boti kumi zinamfukuza mnyama mmoja na watu wanaruka majini.

kibua_mkavu: Ahsanteni wote. Mke wangu anataka Fumba, rafiki zangu wa Dar wanataka Mnemba kwa sababu ya picha. Arubuni bado sijatoa. Suala jingine, mie nina ndevu, miwani inaingiza maji kila nikijaribu.

ukuti_mkavu: Ni sharubu hizo, si ndevu. Paka mafuta ya mgando juu ya mdomo.

chogo_wa_pwani: Au unyoe.

kibua_mkavu: Mama mkwe hatonijua.