Mbwa amegongwa na bodaboda Mnazi Mmoja tukielekea Newala: nimpeleke Mtwara au nimrudishe Dar es Salaam?

Msafiri wa Newala

Ndugu wanajukwaa, naombeni ushauri wenu usiku huu huu. Tulikuwa tukisafiri kwa pikapu kutoka Dar es Salaam kwenda Newala, na tuliposimama Mnazi Mmoja kununua maji, mbwa wetu Bobi aliruka kutoka nyuma ya gari akagongwa na bodaboda iliyokuwa ikiingia kituoni. Ni dume mwenye kilo 20 hivi. Mguu wa nyuma wa kulia haukanyagi kabisa, paja limevimba, na ubavuni ana mchubuko ambao damu yake imekwisha kukauka. Anakunywa maji kidogo, amekataa chakula, na analia akiguswa nyonga.

Tulirudi Lindi mjini kwa kuwa ndiko kulikokuwa karibu. Duka la dawa za mifugo nililoelekezwa limekwisha kufungwa, afisa mifugo ameahidi kuja alfajiri, na nyumba ya wageni tuliyoipata imetupokea sisi lakini imemkataa mbwa. Naomba kujua namna ya kumtunza hadi asubuhi, kama naweza kumpa dawa ya maumivu tuliyo nayo, na kama ni busara kuendelea naye hadi Mtwara au kugeuza kurudi Dar es Salaam. Chanjo ya kichaa cha mbwa alipata mwaka jana na cheti chake ninacho. Kijana aliyenisaidia kumbeba alikwaruzwa na jino lake mkononi, ila si jeraha kubwa.

Dereva Mstaafu

Pole sana, ndugu yangu. Nimeendesha magari njia hiyo kwa muda mrefu, na mbwa wa shambani kwetu alipovunjika mguu tulimfunga vijiti viwili kwa kamba ya katani, tukampa nusu kidonge cha diklofenaki, akapona mwenyewe. Fanya hivyo, kisha ugeuze Dar es Salaam usiku huu huu kukiwa na ubaridi, kwa sababu huko ndiko waliko madaktari wa mbwa.

Daktari wa Mifugo, Masasi

Mzee wangu, kwa heshima zote, naomba nipingane nawe katika mambo yote matatu, na nitaeleza sababu zake.

Diklofenaki na ibuprofeni huweza kumtoboa mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo zake, hasa akiwa amepoteza damu au maji mwilini, na parasetamoli huweza kudhuru ini na damu yake. Wapo wanaopona baada ya kupewa, kama huyo wenu wa shambani, lakini hatupati habari za waliokufa kimya kimya juma lililofuata. Zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na hata hizo sisi husubiri kwanza tujue kama hatoki damu ndani. Kwa hiyo, ndugu Msafiri, usimpe kidonge chochote cha binadamu.

Kuhusu vijiti, banzi hufaa pale tu linapoweza kushika kiungo kilicho juu ya mvunjiko na kilicho chini yake. Paja haliwezi kufungwa hivyo, maana kiungo cha juu yake ni nyonga yenyewe, na banzi huishia kuwa uzito unaoning'inia na kuuvuta mfupa uliovunjika kila anaposogea. Mlaze juu ya ubao au turubai lililokunjwa, upande usioumia ukiwa chini, na akihitaji kuhamishwa mbebeni na ubao wake wote mkiwa wawili.

Mguu huo, hata ukiwa umevunjika, hautamwua usiku huu. Kinachoweza kumwua ni damu inayovuja ndani ya tumbo, kibofu kilichopasuka, au mapafu yaliyobanwa, na hayo unaweza kuyachunguza kwa tochi ya simu. Inua mdomo utazame fizi: zinatakiwa kuwa na rangi ya waridi, na ukizibonyeza kwa kidole zikawa nyeupe, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Hesabu pumzi akiwa ametulia. Zikizidi 40 kwa dakika wakati hakuna joto, hiyo si dalili nzuri. Tazama kama tumbo linajaa, na kama amekojoa, na mkojo una rangi gani. Fizi zikigeuka nyeupe au kupumua kukawa kwa shida, mpigie afisa mifugo saa hiyo hiyo bila kungoja alfajiri. Maji mpe kidogo kidogo, chakula acha, kwa sababu huenda akahitaji kupewa dawa ya usingizi kesho ili atibiwe.

Sasa lile ulilolitaja kwa sentensi moja mwishoni. Kijana huyo aoshe mkwaruzo wake kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya, hata kama mbwa ana cheti. Uamuzi wa kumchoma sindano au kutomchoma ni wa wahudumu wa afya, nao watataka kujua kama mbwa huyo yuko chini ya uangalizi kwa siku 10. Mbwa mwenye maumivu humwuma hata bwana wake, kwa hiyo kabla ya kumgusa tena mfunge mdomo kwa kitambaa, fundo likazwe nyuma ya masikio, na umfungue mara mnapomaliza. Usimfunge akiwa anatapika au anahema kwa joto.

Mkazi wa Mtanda, Lindi

Pole, kaka. Naomba usiwachukulie watu wa hapa kuwa hawana huruma. Wengi wetu tumelelewa katika madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate na umajimaji wa mbwa kuwa najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mwenye nyumba ya wageni akimwingiza mbwa mwenye damu, ana mashuka na zulia la kufikiria, pamoja na mgeni wa kesho anayetaka kuswali chumbani humo. Mwombe akuruhusu kumweka uani au kwenye baraza, umwonyeshe turubai lako, bakuli lako na mipira ya mikono, na umwahidi kupaosha mahali hapo mwenyewe. Ukiomba hivyo sidhani kama utakataliwa, na vijana wa kuinua ubao utawapata, maana ubao mkavu hauna neno.

Usimwache ndani ya gari lililofungwa vioo. Hata usiku, joto la pwani hii si la mchezo.

Msafiri wa Newala

Asanteni sana. Mama mwenye nyumba ametupa nafasi chini ya mwembe uani, na mimi nitalala kwenye gari pembeni yake. Fizi ni za waridi na rangi inarudi upesi, pumzi nimezihesabu 28, na amekojoa akiwa amelala, mkojo ukiwa wa kawaida. Kijana nimempata kwa simu na mwenzangu anampeleka hospitali sasa hivi. Limebaki swali la njia.

Daktari wa Mifugo, Masasi

Hizo ni habari njema. Mngoje afisa mifugo amtazame na ampe dawa ya maumivu inayostahili, halafu mpeleke Mtwara, ambako ni kama kilomita 110, badala ya kumtikisa kwa zaidi ya kilomita 400 kurudi Dar es Salaam kwa barabara ambayo mvua za mwaka 2024 ziliikata pale Somanga na ambayo msimu huu sipendi kumshauri mtu aitegemee na mgonjwa. Mwombe afisa huyo ampigie mwenzake wa Mtwara kabla hamjaondoka, aulize ni wapi mbwa anaweza kupigwa picha ya mfupa, ili msizunguke naye mjini. Kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari kilichoko huko ni cha uchunguzi wa magonjwa, kwa hiyo msikifuate kwa ajili ya upasuaji. Ikionekana kwamba paja linahitaji chuma, safari ya Dar es Salaam inaweza kupangwa kwa utulivu siku chache baadaye, na Newala itabidi iwasubiri.

Ondokeni mapema kabla jua halijawa kali, na mtu mmoja akae naye nyuma akiushika ubao.