Tupeane uzoefu: ulianza lini kuhesabika mtu mzima, na wapi bado unaitwa mtoto?

Wakuu habari za muda huu. Katiba ya Tanzania ya 1977 inakupa kura ukiwa na 18, ubunge 21, urais mpaka 40, sera ya vijana ya 2007 inasema kijana ni 15 hadi 35, halafu Sheria ya Ndoa ya 1971 ikaruhusu binti wa 15 aolewe wazazi wakiridhia, mpaka Mahakama ya Rufani 2019 ikasema hivyo vifungu vinavunja Katiba. Hiyo ni serikali, nyumbani ndo usiseme. Kazini naitwa bosi, nasaini malipo ya watu, ila kikao cha ukoo sina kauli kwa vile sijaoa. Mdogo wangu mwenye mke anaombwa mawazo, mimi naombwa hela. Inauma jamani. Wenzangu mmepitia nini?

#2
Mimi nina jina la babu mzaa mama, kwa hiyo mama ananiita baba tangu niko mchanga na hajawahi kunichapa, nikikosea alikuwa anamwachia mjomba. Bibi ndo ananiita mume wangu, nikichelewa kurudi anauliza nimelala wapi. Alipofariki watani wakanikalisha nje wakadai mgane hajalia vya kutosha, nilicheka huku nalia.

#3
Mama alifariki niko kidato cha pili, wadogo zangu wakaanza kuniita mama bila kuambiwa na mtu. Kikao cha wazazi cha mdogo wangu nilienda na sare yangu ya shule, mwalimu ananiuliza mzazi yuko wapi, nikamwambia ni mimi. Sasa hivi nimeolewa, kwa mama mkwe nimerudi kuwa mtoto, ananibakizia chakula, ananiuliza kama nimekula, na naomba mnielewe, naipenda sana hiyo hali, sikuipata wakati wake.

#4
Baba yangu mdogo nimemzidi umri. Mbele za watu shikamoo nampa, uwanjani tukicheza mpira namfokea kama kawa.

#5
Mleta uzi usisubiri ndoa. Mimi nilishika daftari la michango msiba wa baba mkubwa, mahesabu yakakaa sawa, tangu hapo wazee hawapitishi jambo bila kunipigia.

#6 (mleta uzi)
Mkuu #5 daftari walishanipa, msiba ulipoisha wakalichukua na kikao wakakaa bila mimi. Dada zangu humu, ambaye hajaolewa kwenye kikao cha mahari ya mdogo wake anakalishwa wapi?