MREJESHO: Alama zangu za kazi za muhula zimepatikana (si zote)

Habari wakuu. Niliuliza nifanyeje baada ya somo moja kutoka "halijakamilika" ilhali kazi zote nilikabidhi, na mhadhiri kila nikimfuata ananiambia "nitaliangalia".

Asanteni sana, hasa mliosema niache kulalamika kwa mdomo. Niliandika barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa idara, nakala kwa mhadhiri: namba ya usajili, msimbo wa somo, tarehe niliyokabidhi kila kazi, na ombi moja tu, alama ziingizwe. Nikaambatisha picha za skrini za uthibitisho wa kupokelewa. Nakala yangu ikagongwa muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe. Muhuri huo jamani msiuache! Wiki ya pili niliambiwa barua haionekani. Nilipoonyesha nakala, ikapatikana siku hiyohiyo.

Kazi mbili zimeingizwa. Jaribio la darasani limekwama, maana karatasi iliyosahihishwa sikuitunza, na saini ya mahudhurio inaonyesha ulikuwepo tu, haionyeshi ulipata ngapi. Nimeruhusiwa kulirudia.

Nilikata pia rufaa ya mtihani wa mwisho, lakini imekataliwa, nimechelewa. Kwa kanuni za kwetu, siku zinahesabiwa tangu matokeo yatangazwe, si tangu mhadhiri akujibu. Mwenye shida kama hii aisome kanuni ya mitihani ya chuo chake kwanza, awasilishe rufaa huku mazungumzo na mhadhiri yakiendelea.

Mwakilishi wa wanafunzi alinisindikiza kikaoni na kuandika kila kilichoahidiwa. Aliyenipa wazo hilo, Mungu akubariki.